Sahani Niliyokunyang'anya

Karimi mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya safari: vyeti uviweke wapi, blanketi gani ubebe kwa baridi ya Eldoret, umpigie nani simu ukishuka. Hapo mimi sina la kuongeza. Nimefunga mlango wa mashine ya kusagia, nimekaa juu ya gunia la mahindi ya watu, nakuandikia. Nimejaribu kukuambia jambo hili kwa mdomo, na kila mara linageuka kuwa jambo jingine. Leo asubuhi nilikuja mpaka mlangoni kwako nimejitayarisha kabisa, nikaishia kukuuliza kama zipu ya begi inafunga vizuri. Ukasema inafunga. Nikaenda zangu.

Jumapili, watu wa kanisa walipokuja kukuombea, ulichukua chapati mbili. Mimi nilikuwa ng'ambo ya meza, natafuta chumvi kwa macho. Ukainua uso, ukaona ninaangalia upande wako, ukarudisha moja kwenye bakuli, polepole, kama mtu aliyeshikwa. Hakuna mwingine aliyeona. Mimi niliona, na chakula changu kikanishinda. Msichana mzima, anayekwenda chuo kikuu, anaogopa kula chapati mbele ya baba yake. Na aliyekutia woga huo ni mimi.

Nianze na babu yako, kwa maana ndiko ninakopaswa kuanza, na ndiko sijawahi kukupeleka. Unajua alikufa kabla hujazaliwa. Uliambiwa aliugua mguu. Mguu kweli uliuma, lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa kisukari. Alichomwa na mwiba shambani, kidonda kikakataa kupona, kikageuka rangi, na hospitalini wakamkata chini ya goti. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba kumtoa nje aote jua, na ndiye niliyemwosha. Alikuwa mwanamume mkubwa, mpanda miti, mtu wa kupasua kuni akiimba. Mwisho alikuwa mwepesi mikononi mwangu kama mzigo wa majani makavu. Nilikuwa kijana mdogo kuliko ulivyo sasa kwa akili, ingawa kwa miaka nilikupita. Sikukusimulia kwa sababu nilidhani hofu isiposemwa haina njia ya kupita ikufikie. Ilipata njia. Ilipitia mikononi mwangu.

Ulikuwa kidato cha pili wakati kanisa letu lilipoleta wauguzi watupime bure. Nilipanga foleni kwa ajili ya kuwapa wengine moyo tu. Muuguzi akanichoma kidole, akatazama kile kimashine chake, akaniambia niende kliniki nikapimwe tena kabla sijala chochote. Nikaenda. Kule nikapewa mama mmoja mpole, mtaalamu wa lishe, akanieleza.

"Huna kisukari, Baba Karimi," aliniambia. "Uko mpakani. Hapa mtu huweza kurudi."

Aliniuliza ninakula nini nikamwambia ukweli: ugali wa jioni kama mlima, chapati na chai tamu asubuhi, githeri ya mahindi na maharagwe mchana hapa hapa kwenye mashine, na ndizi kila nikizipata. Akasema nipunguze vyakula vya wanga kidogo kidogo. Nusu ya sahani iwe mboga, ugali uwe kama ngumi, sukari itoke kwenye chai, niwe natembea kwa miguu, na baada ya muda nirudi tuzungumze. Alisema mengi mazuri. Mimi nilikuwa nimekwisha kusikia neno sukari, na tangu hapo nilikuwa nikiuona mguu wa baba yangu. Hayo mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Sikupunguza kidogo kidogo. Mteja mmoja alinionyesha kwenye simu video za mtu aliyeapa kwamba aliacha wanga wote siku moja na akawa mpya. Jumatatu nikaacha. Ugali, wali, chapati, viazi, ndizi, nduma, githeri, hata uji. Nikabaki na mayai, mboga za sukuma na managu, parachichi, na nyama ikipatikana. Na wewe unajua kazi yangu. Unga wa mahindi unapotoka kwenye mashine huwa moto, na harufu yake ni ya kitu ambacho tayari kimeiva nusu. Nilishinda nao mikononi, puani, kwenye nyusi, na siruhusiwi kuuonja.

Wiki ile ya kwanza nilidhani nakufa. Nilikwenda kukojoa mara nyingi hata wateja wakaanza kutaniana, na mimi nikasema moyoni, basi, kisukari kimefika, maana baba yangu alianza vivyo hivyo. Kichwa kiliniuma nyuma ya macho tangu kuamka mpaka kulala. Misuli ya miguu ilikaza nikiwa kitandani, mama yako akanikanda bila kuuliza. Choo kikawa kigumu. Kinywa kikatoa harufu kama ya matunda yaliyoanza kuchacha, nikawa nazungumza na watu nimegeuza uso. Siku moja niliinama kushika gunia, niliposimama ukuta ukaenda zake. Nilishika mizani, mteja akanishika mimi. Nikamwambia ni vumbi la unga.

Baadaye nilikuja kuelezwa. Mwili uliozoea ugali miaka yote ukinyimwa ghafla hutumia akiba yake, na akiba hiyo huwa imeshikana na maji. Ikiisha maji hutoka, na chumvi hufuata maji. Ndiyo maana ya kukojoa sana, na kizunguzungu, na kichwa, na miguu kukaza. Mwili unajifunza kuchoma mafuta badala ya wanga, na kujifunza kuna uchovu wake. Si ugonjwa mpya, si laana, na hupita. Ningalirudi kliniki wiki ile ningaliambiwa ninywe maji, nitie chumvi kidogo kwenye supu, nisimame polepole, na zaidi ya yote nirudishe chakula kidogo kwenye sahani nishuke taratibu. Sikurudi. Nilikuwa na aibu ya mwanamume anayeogopa.

Na hasira, Karimi. Hasira za wiki zile unazikumbuka. Nilimfokea mama yako kwa sababu ya kifuniko cha sufuria. Nilikufokea wewe kwa kucheka na simu. Hapo nimejaribu kusema ni ule ukosefu wa chumvi, ni mwili. Sitaki kuisingizia chumvi. Uchovu nilipewa na mwili, lakini maneno niliyachagua mwenyewe, na niliyachagua makali.

Kisha ikapita. Sijui siku gani. Niliamka tu asubuhi moja kichwa ni chepesi, nikafanya kazi mpaka mchana bila kuwaza chakula. Ule usingizi uliokuwa ukiniangusha baada ya kula ukaisha. Suruali ikahitaji mshipi. Nilipopimwa, sukari ilikuwa imeshuka, na nilirudi nyumbani nikipiga mluzi kama kijana. Watu hudhani nilikosea katika zile wiki za mateso. Hapana. Nilikosea zaidi nilipopona.

Nilijiona nimeokoka, na aliyeokoka anataka kuokoa nyumba yote. Nikatangaza kwamba tangu siku ile nyumba yetu ni sufuria moja. Ugali usionekane mezani. Mama yako alikataa. Alisema wewe bado unakua, na unakimbia mbio za nyika za shule kila jioni, na mtu anayekimbia hawezi kuishi kwa mayai na mboga kama mzee wa mpakani. Nikamjibu kwamba baba yangu naye aliambiwa ana nguvu. Mama yako hakujua la kusema juu ya baba yangu, kwa sababu kila nilipomtaja nilitumia sauti ya kufunga mazungumzo.

Ukanyamaza. Hukuwahi kunibishia, na kimya chako nikakihesabu kuwa utii. Ulilala juu ya vitabu nikasema ni masomo magumu. Ukaacha kwenda mazoezini, ukasema mwalimu amebadilisha siku, nami nikaamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi. Ulikonda. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikuambia mbele ya mama yako, "Unaona unavyopendeza sasa?" Ulitazama chini. Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi kuliko yote niliyowahi kukuambia.

Halafu ile Jumamosi. Nilikuwa nimeazima ngazi kwa jirani yetu Mama Mwenda, nikaenda kuirudisha. Nikazunguka nyuma ya nyumba yake, nikakukuta kwenye kizingiti cha jikoni, umekaa na watoto wake, una sahani ya githeri yenye viazi, unakula haraka, umeinama juu yake. Hukuniona mpaka nilipokuwa nimesimama juu yako. Niliichukua ile sahani mikononi mwako. Nikakuuliza kama kwenu hakuna chakula, nikakuuliza kama unataka kufa kama babu yako. Wewe hukujua hata babu yako alikufaje. Githeri nikaimwaga kwa kuku.

Mama Mwenda alitoka jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Karimi, huyo ni mtoto, na ana njaa."

Wewe ulipangusa mikono kwenye sketi, ukatangulia njiani, nami nyuma yako, watoto wake wakitutazama. Hukulia. Nilitamani ulie ili nipate kukunyamazisha.

Shule ilipofungwa uliomba kwenda Kiambere kwa cucu, nyanya yako. Mama yako akakupeleka bila kuniuliza. Likizo ilipokaribia kwisha, ukamwambia cucu kwamba hurudi Meru, utafutiwe shule huko huko. Mama yako aliponiambia hakunilaumu. Aliniambia tu niende mwenyewe.

Nilifika adhuhuri, jua la kule unalijua, na maji ya bwawa yakimetameta huko chini. Ulinisalimu kwa heshima zote, ukaniletea maji ya kunawa. Cucu akapakua: ugali wa mtama, ndengu, na samaki wa bwawani aliyekaangwa akakauka. Ulingoja nikapokea changu, kisha ukachukua sahani yako ukaenda kula nyuma ya nyumba. Huko nyuma hakuna kivuli. Cucu alikutazama ukienda, akanigeukia.

"Mtoto anakula amejificha kama mwizi," alisema. "Nani amemfundisha?"

Nikala. Nilikula samaki na ndengu, ugali nikausukuma pembeni mwa sahani, kama nilivyokuwa nimezoea. Cucu alingoja nikamaliza. Yeye si mtu wa maneno mengi, na Kiswahili chake ni cha kutafuta, lakini siku hiyo alikipata chote.

"Wewe umeacha ugali wako," alisema, "na hakuna aliyekushika mkono."

Akachukua sahani akaenda kuiosha.

Nilikufuata nyuma ya nyumba. Ulikuwa umemaliza, umekaa juani. Nilikuambia turudi nyumbani. Hapo ndipo nilipopaswa kusema neno nisamehe, na lilikuwa pale kabisa, nyuma ya meno. Nikasema gari la mwisho litatuacha. Ukaniambia, "Nitarudi kwa sababu ya shule, Baba." Tukapanda gari, tukapita Embu, tukafika nyumbani, na sikumbuki kama tulizungumza.

Wiki hiyo nilikwenda kliniki kwa yule mama. Aliona sukari yangu akafurahi. Nami nikamsimulia habari zako, na unisikie vizuri, sikumsimulia kama mtu anayekiri kosa. Bado sehemu fulani yangu ilitaka sifa. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza kama umewahi kupimwa. Hapana. Akaniuliza ni nani aliyesema una tatizo. Hakuna. Akaniuliza kama unajua kwa nini unanyimwa chakula. Hukujua. Hakunigombeza, na ingekuwa heri anigombeze. Alinieleza kwamba sahani ya mtu wa umri wangu aliye mpakani haiwezi kuwa kipimo cha msichana anayekua na kukimbia. Kisha akaniambia kwamba hata mimi sikuhitaji ukali ule. Nirudishe maharagwe, ndengu, kipande cha nduma, kijiko cha ugali. Nikarudisha. Sukari haikupanda. Kwa hiyo ujue na hili pia: mateso yale yote niliyowapitisha, mengi yalikuwa bure.

Nilimwambia mama yako apike ugali kama zamani. Akapika siku ile ile. Lakini wewe ulikuwa umekwisha kujitafutia pa kulia. Mara ulikula jikoni umesimama, mara ulishiba shuleni, mara ungekula baadaye. Daima palikuwa na sababu nzuri. Nilikununulia viatu vya kukimbilia, ukashukuru, ukavivaa mpaka vikaisha soli, ukarudi kwenye mbio zako, nami nikajidanganya kwamba viatu vimekwisha kusema. Viatu havikusema kitu. Kidato cha tatu kikapita, cha nne kikapita, matokeo yakaja tukafurahi pamoja, na mezani ukawa bado hukai nami.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, kwa sababu kuna jambo, na ndilo limenifunga hapa kwenye gunia. Yule mama wa kliniki aliniambia nikuambie ukishakuwa mtu mzima. Damu ya babu yako ni yangu, na yangu ni yako. Kwa nyumba kama yetu, mtu hupimwa sukari mara kwa mara, hata akijisikia mzima. Hilo ni neno dogo, la kusemwa tukila. Kila nilipotaka kulisema niliona mikono yangu ikichukua ile sahani, nikajua hutasikia habari ya damu, utasikia habari ya chakula, na kutoka kwangu. Mtu wa mwisho duniani anayestahili kukuambia habari hii ni mimi, na anayeijua ni mimi. Kinywa changu nilikiharibu mwenyewe.

Basi naiandika. Si lazima upimwe kesho, wala uende ukiwa na hofu. Huenda wasikukute na chochote, maisha yako yote. Wakikuambia siku moja kwamba uko mpakani, usifanye kama mimi. Rudi kwa aliyekupima umuulize, hata maswali ya aibu, hata habari za choo. Punguza taratibu. Siku za mwanzo kichwa kitauma, utalala usingizi mbovu kwa kuamka amka kukojoa, utatamani mkate wa mtu asiyekujua. Hayo yatapita, mimi nimeyapita. Waambie unaoishi nao kwamba siku hizo wewe si wewe, wakuvumilie. Mimi sikuwaambia ninyi. Niliacha mkisie, mkakisia kwamba siwapendi.

Huko uendako hakuna atakayetazama sahani yako. Nimeliwaza hilo leo nikisaga, nikaona aibu kwa kuwa lilinifurahisha kwa niaba yako. Kwamba mwanangu atapumzika mbali nami.

Nilikunyang'anya chakula ukiwa na njaa, mbele ya watu, nikakuambia kwamba ni kwa ajili yako. Ilikuwa kwa ajili ya hofu yangu. Naomba unisamehe. Usinijibu kesho kwenye stendi, watu watakuwa wengi na mama yako atakuwa analia. Usinijibu hata mwaka huu kama huna la kusema.

Na siku ukipimwa, jibu likawa baya au jema, si lazima niwe wa kwanza kujua. Mwambie mama yako, au cucu, au rafiki utakayempata huko. Ukiona inafaa nami nijue, niambie. Sitakuuliza umekula nini. Nitangoja.

Baba yako